Jinsi ya Kuchagua Msumeno wa Kukata Shina Nene la Bonsai: Mwongozo Kamili

Wengi wanaolea bonsai, yaani miti inayodumazwa chunguni, wakifika kwenye shina nene hukwama mahali palepale. Msumeno unaingia vizuri, unafika katikati, kisha unabanwa. Mtu anaongeza nguvu, chungu kinahama, mizizi inatikisika, na kipande cha mwisho kinapasuka na kushuka na gome hadi karibu na udongo. Mti uliolelewa kwa miaka unabaki na kovu lisilofichika.

Lawama huangukia mkono wa mkataji. Lakini ukiutazama msumeno uliotumika, mara nyingi ni wa kukatia chuma au ni wa seremala, na mti ulikuwa mbichi. Kosa lilianzia dukani. Msumeno wa kazi hii huchaguliwa kwa kuangalia unyevu wa mti, unene wa shina na nafasi ya kupitisha mkono. Ukali wa meno unahesabika baada ya hayo matatu.

Shina nene hapa ni lile la kuanzia sentimita 4 hivi kwenda juu. Chini ya hapo mkasi mzuri wa matawi au koleo la bonsai linatosha.

## Vitu vya kuwa navyo

- Utepe wa kupimia na kalamu ya wino usiofutika
- Karatasi ngumu yenye ukingo ulionyooka
- Msumeno (utaujua ukifika hatua ya 4)
- Kamba au mpira wa tyubu ya baiskeli wa kufungia chungu
- Kabari mbili nyembamba za mbao au plastiki
- Kisu kikali sana na patasi ndogo
- Glavu, miwani ya kukinga macho, na kitambaa safi
- Chupa ya kupulizia maji
- Spiriti, mafuta ya taa kidogo, na mafuta ya cherehani
- Dawa ya kufunga kidonda cha mti, nta ya kupandikizia, au gundi nyeupe ya mbao

Kusanya vyote kabla ya kuanza. Shina lililokatwa nusu halisubiri mtu arudi dukani.

## Hatua ya 1: Pima shina, kisha pima nafasi

Zungusha utepe mahali hasa utakapokata, kisha gawanya mzunguko kwa 3.14. Mzunguko wa sentimita 38 ni unene wa sentimita 12.

Bapa la msumeno liwe na urefu usiopungua mara mbili ya unene huo. Kwa shina la sentimita 12, tafuta bapa la sentimita 24. La sentimita 30 litakupa raha zaidi.

Sababu iko kwenye unga wa mbao. Kila jino hubeba unga likiwa ndani ya mti, na haliwezi kuutua mpaka litokeze nje upande wa pili. Bapa la sentimita 17 kwenye shina la sentimita 12 huenda na kurudi sentimita 5 tu. Meno ya katikati hayatoki kabisa, unga unajaa kwenye mianya, na msumeno unasimama.

Sasa pima nafasi. Shika msumeno wa kufikirika, vuta kiwiko nyuma, uone kinagusa nini: tawi unalolitaka, ukingo wa chungu, ukuta? Kama huna nafasi ya kuvuta walau sentimita 20, msumeno wenye fremu kubwa usiufikirie tena.

## Hatua ya 2: Ujue mti unaoukata

Miti miwili yenye unene sawa inaweza kuhitaji misumeno tofauti kabisa.

Mkuyu na jamii yake. Mbao yake ni laini kiasi, lakini hutoa maziwa meupe yanayoganda kwenye bapa kama gundi. Unahitaji meno makubwa yenye mianya mirefu.

Bogenvilia. Imejaa maji na nyuzinyuzi, na huchanika haraka kuliko inavyoonekana. Meno yawe ya wastani na makali kwelikweli. Meno makubwa yaliyochakaa yatavuta nyuzi badala ya kuzikata.

Mkwaju na mzeituni mwitu. Ni miti migumu, hasa moyo wake. Meno ya wastani na bapa refu, na uwe na subira. Meno makubwa huruka-ruka juu ya mbao ngumu na kuharibu mstari.

Waridi la jangwani. Shina lake ni nene lakini laini, limejaa maji. Kisu kirefu chenye makali, kilichopanguswa kwa spiriti, hutoa kidonda safi kuliko msumeno wowote mkubwa. Vaa glavu: utomvu wake ni sumu, na Wahadzabe wa pande za Ziwa Eyasi huutumia kwenye mishale ya kuwindia.

Mnyaa na jamii yake. Maziwa yake yakiingia machoni huleta madhara makubwa. Bila miwani usiuguse.

Mtarakwa na jamii yake. Simama kwanza. Miti hii haichipui kutoka kwenye shina kuukuu lisilo na majani. Ukikata chini ya tawi la mwisho lenye kijani, umeua mti, hata msumeno ukiwa bora namna gani.

Sehemu iliyokufa ya shina lolote. Hiyo ni mbao kavu. Hapo peke yake ndipo msumeno wa seremala wenye meno madogo unapofaa.

Jambo la majira liamuliwe hapahapa. Miti ya joto kama mkuyu na bogenvilia ikatwe inapokua kwa nguvu. Kwa Pwani na sehemu nyingi za bara, wakati mzuri ni joto likiwa limepanda na mvua zinakaribia. Miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, si wakati wake: kidonda hukaa muda mrefu bila kuchipua. Waridi la jangwani ni kinyume kwa upande wa mvua. Likate kukiwa na joto na ukavu, maana kidonda chake kikilowa huoza.

## Hatua ya 3: Soma meno ya msumeno

Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayoamua kila kitu. Shika msumeno juani, meno yakiwa yamekuelekea, uangalie mambo manne.

Idadi ya meno. Weka rula na hesabu meno ndani ya sentimita 3. Meno 6 hadi 8 ni ya mti mbichi na shina nene. Meno 10 hivi ni ya wastani, yanafaa kazi nyingi za bonsai. Kuanzia 14 ni madogo, ya mbao kavu au matawi membamba. Misumeno ya kukatia chuma huwa na meno 18, 24 au 32 katika inchi moja tu. Ukiupitisha kwenye mkuyu mbichi, mianya inajaa maziwa na unga mara moja, na kuanzia hapo unasugua tu.

Mianya kati ya meno. Unga wa mti mbichi ni mzito na unashikana. Mwanya ukiwa mfupi, hakuna mahali pa kuuweka. Tazama kina cha mwanya: kwenye msumeno wa miti unaingia ndani, kwenye wa seremala ni mfupi.

Mwelekeo wa meno. Yakielekea mpini, msumeno unakata ukivutwa. Yakielekea mbele, unakata ukisukumwa. Kwa bonsai chukua wa kuvuta. Bapa linalovutwa hunyooka lenyewe, hivyo linaweza kuwa jembamba bila kupinda. Linalosukumwa lazima liwe nene ili lisijikunje. Zaidi ya hapo, ukivuta unauvuta mti kuelekea mwilini mwako, unaweza kuuzuia kwa mkono wa pili. Ukisukuma unausukuma utoke kwenye chungu. Wajapani hutumia misumeno ya kuvuta katika useremala na katika bustani pia, ndiyo maana misumeno mingi inayouzwa kwa ajili ya bonsai ni ya namna hiyo.

Ncha za meno. Ncha zikiwa na rangi nyeusi au ya bluu iliyokolea, kama iliyoungua, zimekazwa kwa moto maalumu. Hukaa na ukali muda mrefu, lakini tupa haizinoi. Zikiisha unabadilisha bapa. Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza kama bapa la akiba linapatikana. Meno yasiyo na rangi hiyo fundi anaweza kuyanoa kwa tupa ya pembe tatu.

## Hatua ya 4: Chagua aina

Msumeno wa kuvuta wa kukunja. Bapa lake ni la sentimita 17 hadi 24. Huu ndio ningemwambia mtu anunue kama anaweza kununua mmoja tu, kwa mashina ya hadi sentimita 10 au 12. Unapita kati ya matawi na hauchukui nafasi. Hakikisha una kifungo imara cha kuzuia bapa lisikunjike kazini. Bila kifungo, bapa linaweza kukunjikia vidole.

Msumeno wa kuvuta usiokunja. Bapa la sentimita 27 hadi 33, kwa mashina ya sentimita 12 hadi 16. Kuna ulionyooka na ulio na mkunjo. Wenye mkunjo hukata kwa kasi kwa sababu meno yanajikita zaidi kwenye mti, lakini hauachi uso ulio sawa. Kwa mkato wa mwisho, ule utakaoonekana, chukua ulionyooka.

Msumeno wa upinde. Huu wenye fremu ya bomba la chuma na bapa jembamba unauzwa karibu kila duka la vifaa. Bapa la inchi 21 au 24 hukata mti mbichi haraka mno, na bei yake haiumizi. Tatizo ni fremu: inagonga matawi, na haifiki karibu na ukingo wa chungu. Utumie kwa mti ulio ardhini au kupunguza sehemu ya juu. Kuna mabapa ya aina mbili. La mti mbichi lina makundi ya meno manne, kisha jino la kukwangua na mwanya mrefu. La mbao kavu lina meno ya pembetatu yanayofanana mwanzo hadi mwisho. Maduka mengi huchanganya yote pamoja, hivyo kagua mwenyewe.

Msumeno wa umeme unaokwenda mbele na nyuma. Ukiwa na bapa la kupogolea, lenye meno 3 hadi 6 kwa inchi, unamaliza shina la sentimita 20 kwa muda mfupi. Lakini unatikisa sana. Kwa mti uliohamishwa chungu majuzi, mtikisiko huo hukata mizizi midogo inayoanza kushika. Usiutumie humo.

Msumeno wa mnyororo. Ni kwa mti ulio ardhini tu, na kwa mtu aliyezoea kuushika. Njia unayoikata ndani ya mti ni pana, milimita 6 au zaidi, ilhali msumeno wa mkono huacha isiyofika milimita 3. Mafuta ya mnyororo nayo hurukia kidonda. Ukiutumia, kata juu ya mstari wako kwa sentimita 5 au zaidi, kisha malizia kwa mkono.

## Hatua ya 5: Kagua dukani

Kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi mara nyingi utapewa wa chuma au wa seremala, kwa sababu ndiyo inayouzika. Uliza wazi: msumeno wa kupogolea miti. Maduka ya pembejeo za kilimo huwa nao zaidi. Mitumba nayo ina misumeno mizuri, ilimradi uikague.

Inua msumeno usawa wa jicho, utazame bapa kwa urefu. Likipinda hata kidogo, mkato utapinda. Shika mpini na kulitikisa bapa: lisicheze. Pitisha kidole kandokando ya bapa, mbali na meno. Kutu ya juujuu inatoka kwa msasa, lakini kutu iliyochimba mashimo itashika utomvu kila siku.

Jino moja lililovunjika halina shida. Matatu yanayofuatana yatakwama kila yakipita.

## Hatua ya 6: Jaribu kwanza kwenye tawi la kutupa

Usianze na shina lako. Tafuta tawi bichi la mti huohuo, au unaofanana nao, lenye unene wa walau nusu ya shina.

Kata ukivuta taratibu. Tazama unga: ukitoka kama chembe nene zinazoanguka chini, meno yanakata. Ukitoka kama vumbi laini, au ujiuji ulionata kwenye bapa, meno ni madogo mno au yamechakaa.

Kisha uangalie uso wa mkato. Ukiwa sawa na nyuzi hazijasimama, msumeno huu ni wako. Ukipinda upande mmoja kila ukirudia, meno ya upande huo ni marefu au makali kuliko ya upande wa pili. Badilisha msumeno, hutaweza kuusahihisha kwa mkono.

## Hatua ya 7: Weka alama na ufunge chungu

Zungusha karatasi yenye ukingo ulionyooka kwenye shina mpaka ncha zake zikutane. Kingo zikilingana, mstari utakaochora umekwenda sawa kuzunguka shina lote. Chora kwa wino.

Usichore mahali unapotaka mti uishie. Acha sentimita 2 au 3 juu yake, na kwa bogenvilia acha zaidi, maana hukauka kurudi chini baada ya kukatwa. Mkato wa kwanza uwe wa usawa, usio wa mshazari. Bado hujui chipukizi litatokea upande gani, na mshazari hufuata chipukizi.

Funga chungu kwenye meza nzito au ubao kwa tyubu ya baiskeli, ukipitisha mara mbili juu ya ukingo wake. Sukuma shina kwa kiganja. Shina likisogea na udongo ukipasuka kandokando, bado hujafunga.

## Hatua ya 8: Kata

1. Pangusa bapa kwa spiriti na uliache likauke. Msumeno uliokata mti mgonjwa jana unaupandikiza ugonjwa leo.

2. Ondoa uzito wa juu kwanza. Kata sehemu ya juu sentimita 15 hadi 20 juu ya alama. Uzito huo ndio unaopasua shina mwishoni, na ukishatoka, hatari kubwa imetoka nao.

3. Anzia upande shina linakoegemea. Weka kipande cha ubao kando ya alama kiwe mwongozo, na vidole vikae mbali. Vuta mara chache kwa wepesi, ukitumia meno yaliyo karibu na mpini, mpaka njia ijichore. Kata hadi theluthi moja ya unene, kisha toa msumeno.

4. Hamia upande wa pili na kata kuelekea njia ya kwanza. Vuta kwa urefu wote wa bapa. Weka nguvu unapovuta, legeza kabisa unaporudisha. Anayesukuma kwa nguvu msumeno wa kuvuta hukunja bapa, na likishakunjika halinyooki tena vizuri.

5. Chungulia mstari kila baada ya kuvuta mara kadhaa, pande zote mbili. Ukiona unatoka nje ya alama, usigeuze bapa ndani ya njia. Toa msumeno, anza upande mwingine wa mstari, uje ukutane.

6. Bapa likianza kubanwa, acha kuvuta. Ingiza kabari kwenye njia nyuma ya bapa, ikandamize kwa kidole tu. Njia itafunguka. Kwa mkuyu, pulizia maji na pangusa maziwa kwa kitambaa, kisha endelea.

7. Sentimita ya mwisho ishikwe kwa mkono wa pili. Punguza kasi, vuta fupifupi, na usikivunje kipande hata kikionekana kinaning'inia. Hapo ndipo gome huchanika.

Umefanikiwa kama ukiweka rula juu ya kidonda mwanga haupiti chini yake isipokuwa kwenye mshono mdogo pale njia mbili zilipokutana, na ule utepe mwembamba wa kijani chini ya gome unaonekana kuzunguka shina lote bila kukatika.

## Hatua ya 9: Safisha kidonda

Msumeno huacha ukingo wa gome ukiwa umekwaruzwa. Pitisha kisu kikali kuzunguka ukingo huo, utoe gome lililochakaa mpaka utepe wa kijani uwe laini na safi. Mti huanza kufunga kidonda kutoka hapo. Mshono wa katikati usawazishe kwa patasi.

Subiri utomvu uache kutoka. Ukipaka dawa juu ya maziwa yanayochuruzika, itabanduka. Kisha paka dawa, nta au gundi ya mbao, hasa kwenye ukingo wa gome. Waridi la jangwani usilifunge kwa gundi: liache likauke kivulini penye hewa, na wengi hunyunyiza unga wa mdalasini juu yake.

Weka mti kwenye mwanga usio na jua kali la mchana. Punguza maji. Mti uliopoteza majani haunywi kama zamani, na udongo uliolowa muda wote utaozesha mizizi kabla ya chipukizi kutoka. Kwa mkuyu wenye afya, wakati wa joto, vijicho vya kijani huanza kuonekana baada ya wiki chache. Viache vyote vikue kwanza. Kuchagua kimoja cha kuwa shina jipya ni kazi ya baadaye.

## Hatua ya 10: Utunze msumeno siku hiyohiyo

Maziwa ya mkuyu yakilala usiku mmoja kwenye bapa huwa magumu kuyatoa. Lowesha kitambaa kwa mafuta ya taa, pangusa kutoka mgongo wa bapa kuelekea meno ili usijikate, na utumie mswaki mkuukuu kuzibua mianya. Kausha, kisha pitisha tone la mafuta ya cherehani pande zote mbili. Kwa wakazi wa Mombasa, Unguja au Dar es Salaam hili halina hiari, maana hewa ya chumvi hula chuma kisichopakwa mafuta ndani ya muda mfupi.

Na mizizi iwe na msumeno wake mwingine, hata mkuukuu. Punje za mchanga huua meno haraka kuliko mbao ngumu yoyote, na msumeno uliopita kwenye udongo mara moja hautakata tena shina kwa usafi uleule.